Mcheza Sataranji Aliyebaki Ng'ambo

Mwezi wa Agosti 1939, mataifa 27 yalikutana Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, kushindana kwa sataranji. Wachezaji wengi wa Ulaya walivuka bahari katika meli moja, Piriápolis. Mmoja wao alikuwa Najdorf, Myahudi wa Warsaw, aliyeichezea Poland. Mkewe na mtoto wao walibaki nyumbani.

Mashindano hayajaisha, tarehe 1 Septemba, Wajerumani wakaishambulia Poland. Waingereza wakaondoka kurudi kwao; waliosalia wakaendelea. Poland na Ujerumani hazikukutana mezani, bali ziliandikiwa sare. Mwishowe Ujerumani ikawa ya kwanza, na Poland ya pili.

Najdorf hakurudi, naye hakupata habari za jamaa zake. Basi mwaka 1943, mjini Rosario, alicheza na watu 40 kwa pamoja bila kutazama ubao hata mmoja, kila kete akiishika moyoni. Mwaka 1947, São Paulo, alicheza hivyo na watu 45: akawashinda 39, akatoka sare na wanne, wawili wakamshinda. Wengine hudhani alitafuta sifa; la, alitumaini magazeti ya Ulaya yatalitaja jina lake, na ndugu aliye hai alisome. Walakini mkewe, mtoto, wazazi na ndugu zake wanne walikuwa wameuawa.

Mwaka 1950, huko Dubrovnik, alirudi katika mashindano ya mataifa, sasa akiiongoza Argentina. Ilikuwa ya pili mwaka ule, na tena 1952 na 1954.