Akiba mlangoni: historia ya proksi inayoilinda seva

Tarehe 25 Juni 2009, siku aliyofariki Michael Jackson, watu wengi mno walikimbilia ukurasa mmoja wa Wikipedia. Seva zikaelemewa. Utasema, si wasomaji walikuwa wengi? Wala. Wikipedia tayari ilikuwa na kinga dhidi ya wasomaji wengi, tena kinga nzuri. Kilichoikwamisha ni kitu kingine, na ili ukielewe inabidi turudi nyuma miaka kumi na mitano.

Mwaka 1994 wavuti ilikuwa bado changa. Ari Luotonen wa CERN, Geneva, pamoja na Kevin Altis wa Intel, waliandika kuhusu proksi: programu inayokaa kati ya watumiaji na dunia ya nje. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwavusha watu waliokuwa nyuma ya ukuta wa usalama wa mtandao wa ofisi zao. Lakini kama maombi yote yanapita mahali pamoja, kwa nini pasibaki nakala? Wa pili akiomba ukurasa uleule, anapewa ile nakala, na safari ya nje inaokolewa. Hiyo nakala iliyotunzwa ndiyo tunaita akiba.

Sasa igeuze. Proksi ya CERN ilikuwa upande wa msomaji. Hii iweke upande wa mwenye tovuti, mlangoni kwa seva yake mwenyewe. Ni kama mgahawa wenye kabati la vioo mbele na mpishi jikoni. Anayetaka chapati anapewa iliyomo kabatini, mpishi hasumbuliwi. Watafiti wa mradi wa Harvest, uliokuwa Chuo Kikuu cha Colorado, waliiwezesha programu yao kukaa namna hiyo pia, wakaiita kichapuzi cha seva. Mwaka 1996 Duane Wessels aliichukua programu hiyo akaiendeleza kwa jina la Squid, na kwa miaka mingi ukisema akiba ya wavuti ulikuwa unasema Squid. Januari 1997 kanuni za HTTP 1.1 zikampa mwenye seva sauti: kila jibu liliweza kubeba maelekezo, kwamba hili litunze kwa sekunde 300, lile usilitunze kabisa.

Halafu ikaja Varnish, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Gazeti la Norway, Verdens Gang, lilikuwa linaendesha tovuti yake kwa mashine 12 za Squid, zote zikihema. Kazi ya kuandika programu mpya akapewa Poul-Henning Kamp, Mdenmaki aliyekuwa ametumia miaka mingi ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa FreeBSD. Alipoiangalia Squid aliona inagombana na mfumo endeshi wenyewe. Squid ilijipangia: kurasa hizi nitaziweka kwenye kumbukumbu ya RAM, hizi nitazihamishia kwenye diski. Sawa. Tatizo ni kwamba mfumo endeshi nao ulikuwa unafanya kazi hiyohiyo. Ukiona kipande cha kumbukumbu hakijaguswa muda mrefu, unakihamishia kwenye diski kimyakimya. Baadaye Squid nayo inaamua kukihamishia diski. Yaani kisomwe kutoka diski kirudi RAM, ili kiandikwe tena diski! Kamp aliuita mtindo huo upangaji programu wa mwaka 1975.

Varnish, iliyotoka 2006, haikujisumbua hivyo. Iliomba eneo kubwa la kumbukumbu, ikaweka vitu vyake humo, ikauachia mfumo endeshi uamue kipi kikae wapi. Mashine 12 zikawa 3, na hizo 3 zilikuwa na asilimia 90 ya nguvu ya kichakato ikikaa bure. Hakuna hesabu mpya iliyogunduliwa pale. Mtu aliacha tu kurudia kazi inayofanywa na mwingine. Tusiionee Squid lakini: ilizaliwa mapema, na Wikipedia ile ya 2009 ilikuwa inaitegemea.

Basi ni nini kilitokea siku ile? Ukurasa wa Michael Jackson ulikuwa unahaririwa mfululizo. Kila uhariri ulifuta nakala iliyoko mlangoni. Kabla nakala mpya haijawa tayari, maombi yaliyofika yalipenya yote hadi jikoni, na kila moja likaanza kuupika ukurasa uleule mrefu wenye marejeo mengi, kila mpishi chapati yake. Wahandisi wa Wikimedia wakatengeneza PoolCounter: mmoja anapika, wengine wanasubiri. Ukitumia nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa hadharani 2004, kinga ya aina hiyo ni mstari mmoja, proxy_cache_lock. Usipouwasha haupo, kwa hiyo uwashe kabla hujapata siku kama ile.

Kuna hatari ya pili, na hii mimi naiogopa zaidi ya seva kulala. Krismasi ya 2015 duka la michezo ya kompyuta Steam lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Ili kulipoza, kanuni mpya za akiba ziliwekwa harakaharaka, na zikakosewa. Mtu anafungua ukurasa wa akaunti yake, anakuta wa mtu mwingine: barua pepe, anwani ya malipo, historia ya manunuzi. Kampuni ya Valve ilisema kurasa za watumiaji wapatao 34,000 ziliguswa, ndani ya takriban saa moja na nusu.

Ndiyo maana nginx kwa kawaida yake inakataa kutunza jibu lolote lenye kichwa cha Set-Cookie, na Varnish inalipitisha moja kwa moja hadi kwenye seva ombi lolote lililobeba vidakuzi. Mtu akiweka Varnish mara ya kwanza hulalamika kwamba haitunzi chochote, na mara nyingi sababu ni vidakuzi vya programu ya kuhesabu wageni. Viondoe hivyo, kimoja kimoja, kwa majina yake. Kile kinachomtambulisha aliyeingia kwenye akaunti usikiguse.