Egerton: Shamba Lililozaa Chuo Kikuu

Mtajie mtu wa Nakuru jina la Egerton, naye atakusimulia habari za jumba. Kule Ngata, Lord Maurice Egerton alijenga jumba la mawe lenye vyumba 52, kazi iliyoanza 1938 ikamalizika 1954, na inasemekana alimjengea mchumba aliyelikataa. Hadithi tamu hiyo. Siithibitishi wala siikanushi. Lakini kazi kubwa ya kapera yule wa Kiingereza iko Njoro, si mbali na hapo.

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 ianzishwe Shule ya Kilimo ya Egerton. Mahali palifaa. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa milima ya Mau, baridi ya kutosha na udongo mwema. Mlowezi Lord Delamere alikuwa amehangaika papo hapo na ngano na ugonjwa wake wa kutu miongo mitatu nyuma, na kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilikuwa jirani tangu 1927. Ila tusifichane: shule ilikuwa ya vijana wa Kizungu, waje kuwa walowezi stadi. Mwafrika aliingia humo na jembe, si na daftari.

Mwaka 1950 ikapandishwa kuwa chuo, na kufikia 1955 kikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, kikitoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka 1958, mwaka aliofariki, Lord Egerton aliongeza ekari 1,100. Haukupita muda, milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, Wakenya na Waafrika wa nchi nyingine. Kwangu mimi, chuo kilizaliwa siku hiyo. Uhuru ulipokuja na mashamba ya walowezi yakaanza kugawanywa, mkulima mpya wa ekari chache alihitaji afisa wa kilimo anayejua josho, mbegu na ng'ombe wa maziwa.

Upanuzi wa 1979 ulisaidiwa na serikali pamoja na Marekani. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi; 1987 Bunge likakifanya chuo kikuu kamili. Vyuo vya Laikipia, Chuka na Kisii, vilivyolelewa na Egerton, vilijitegemea 2013.

Jumba nalo liko mikononi mwa chuo sasa. Wageni hulipa kiingilio, wakazunguka vyumba vya mtu aliyekufa bila mke wala mtoto.