Krankishafti: Mhimili unaobeba injini ya gari

MATATU nyingi zipitazo Juja katika barabara kuu ya Thika huendeshwa na mhimili wa chuma ambao abiria hauoni: krankishafti. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa pistoni, wa kupanda na kushuka, kuwa mzunguko unaofikia magurudumu. Mbinu hiyo si ngeni. Mhandisi Al-Jazari aliieleza mwaka wa 1206 katika kitabu chake kuhusu mitambo, akiitumia kuvuta maji.

Katika injini ya silinda nne, mhimili huo kwa kawaida hukaa katika beringi kuu tano, nao una vikono vinne vilivyochomoza kando, kila kimoja kikishikwa na konrodi ya pistoni. Kikono kikiwa milimita 43 kutoka katikati ya mhimili, pistoni husafiri milimita 86. Vizani vilivyo mkabala na vikono hupunguza mtetemo, na matundu membamba yaliyotobolewa ndani hupeleka oili kwenye beringi.

Injini hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mhimili hupokea mapigo 100 kila sekunde. Ndiyo sababu wahandisi huviringa kona zote za vikono, kwani ufa huanzia penye kona kali.

Krankishafti huundwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kusubu, ambapo chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Ya pili ni kufua, ambapo pande la chuma cha pua hupashwa moto na kugandamizwa kwa mtambo mzito. Mhimili uliofuliwa huwa imara zaidi, hivyo hupendelewa katika injini za malori. Hatimaye hukerezwa, hutiwa ugumu usoni, husagwa na kusawazishwa.

Kenya iliwahi kujaribu kuunda gari lake. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari, na magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa 1990. Ukosefu wa fedha ulizuia yasiundwe kwa wingi. Kiwanda cha KVM cha Thika, kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kilijikita katika kuunganisha magari kwa vipuri kutoka ng'ambo. Mjini Juja kwenyewe, Chuo Kikuu cha JKUAT, kilichoanza 1981 kwa msaada wa Japani, hufunza uhandisi wa mitambo.

Kwa mwenye gari, adui mkuu wa krankishafti ni upungufu wa oili. Beringi zikikauka, hukwaruza mhimili. Mikwaruzo ikiwa midogo, fundi huweza kuusaga kwa milimita 0.25 au 0.50, kisha akatia beringi nene zaidi. Penye ufa, hata hivyo, kusaga hakufai kitu. Sharti mhimili ubadilishwe, la sivyo utakatika gari likiwa safarini.