Pedi ya PS2 ilikuwa inajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na wengi hatukushtuka

Mtu wangu, kama uliwahi kushika pedi ya PS2, kidole gumba chako kilikaa juu ya teknolojia ambayo kwenye PS5 huipati. Pembetatu, duara, msalaba na mraba havikuwa vitufe vya kuwasha na kuzima tu. Vilikuwa vinapima nguvu ya kidole, kuanzia 0 mpaka 255. Mishale nayo ilikuwa hivyo hivyo, pamoja na L1, L2, R1 na R2.

Pedi yenyewe ni DualShock 2, ilitoka na PS2 mwaka 2000. Ndani kuna kiraba kinachopitisha umeme. Ukikikandamiza zaidi kinatanuka, kinagusa sehemu kubwa zaidi, na mashine inasoma tofauti hiyo.

Gran Turismo 3 waliitumia kwenye mafuta ya gari: gusa kidogo, gari linatembea kistaarabu. Ila waliokwenda mbali ni Metal Gear Solid 2 ya 2001. Unashikilia mraba, bastola inainuka. Ukiachia ghafla, risasi inatoka. Ukiachia taratiiibu, mkono unashuka bila kufyatua. Sasa fikiria uko nyuma ya mlinzi, unataka anyooshe mikono tu, na kidole kinatetemeka. Paa! Umeua mtu uliyetaka kumtisha, na wenzake wanakuja.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kitufe kinashuka milimita chache tu, hakuna kinachokuonyesha uko 90 au 200. Unabahatisha. Xbox ya kwanza nayo ilikuwa na vitufe vya aina hiyo, lakini Xbox 360 ya 2005 ikaviacha. PS3 iling'ang'ana navyo, mpaka PS4 ilipokuja 2013 na kuvitupa. Kazi ya gesi na breki ikabaki kwa L2 na R2, zenye mwendo mrefu ambao kidole kinausikia. Kwa magari, sawa kabisa, mimi silalamiki.

Kwa Metal Gear ndiyo kasheshe. Ilipotolewa upya 2011 kwa PS3 na Xbox 360, hao wa Xbox walikuwa na pedi isiyojua kitu kinachoitwa taratibu, ikabidi wapangiwe njia nyingine ya kushusha bunduki. Gemu ni ile ile, lakini kile kidole kinachotetemeka hakipo tena. Picha unaweza kuzisafisha zing'ae, ila kitufe kilichoondolewa utakisafishaje?

Halafu kuna yule jamaa wa kibandani, kila kibanda kilikuwa naye, anayebonyeza kitufe cha shuti kama anatwanga kisamvu ili mpira uende kasi. Tulimcheka sana. Kumbe pedi ilikuwa inamsikia vizuri tu. Gemu la mpira ndilo lilikuwa halimjali, lilikuwa linahesabu muda alioshikilia.