Uzuri wa Mkakasi: Mbao, Plastiki na Ngozi ya Nyumba ya Mmarekani

Nyumba za Wamarekani tunazijua kwa sinema. Kibaraza cha mbele chenye ngazi mbili tatu, majani yaliyofyekwa vizuri, na kuta zenye mistari mistari ya mlalo, ubao juu ya ubao, kama magamba ya samaki. Tumeziangalia kuta hizo miaka nenda miaka rudi, macho yetu yakimfuata jambazi na polisi wake, bila kujiuliza zimevikwa nini na kwa nini. Naomba leo tujiulize. Kwenye mistari ile imelala historia ya karibu miaka 400, na humo ndani yumo hata babu yetu wa Mrima, ingawa jina lake hakuna aliyeliandika.

Kwanza tuelewane, msomaji. Nyumba ya aina ile kuta zake si za matofali wala zege. Ina kiunzi cha mbao, na juu ya kiunzi hupigiliwa vazi la nje la kuzuia mvua, theluji na upepo. Vazi hilo ndilo ngozi ya nyumba. Zamani lilikuwa la mbao tupu. Siku hizi mwenye nyumba anayetaka kuivisha upya anaulizwa na fundi: mbao au vinaili? Vinaili ni plastiki, PVC, jamii ile ile ya mabomba ya maji tunayoyajua, ila hii imechapwa michirizi ili ionekane kama ubao. Swali dogo, utasema, la fundi na mteja wake. Lakini ukilifuata nyuma linageuka kuwa swali jingine: nyumba ikipendeza, ni nani aliyelipa?

Tuanze na mbao. Waingereza waliohamia Massachusetts miaka ya 1630 walitoka nchi ambako nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za kiunzi cha mwaloni kilichojazwa fito na udongo. Ndiyo, fito na udongo, kama kwetu. Anayedhani nyumba ya udongo ni aibu ya Mwafrika peke yake, arudi darasani. Huko ugenini hali ya hewa ilikuwa kali kuliko ya kwao, na misitu machoni pao haikuwa na mwisho. Basi wakapasua mbao nyembamba, wakazipigilia kwa mlalo, kila ubao ukiulalia wa chini yake kidogo ili maji yateremke bila kupenya. Katika mji wa Dedham, Massachusetts, iko nyumba ya Fairbanks, iliyojengwa kati ya mwaka 1637 na 1641. Mpaka leo imesimama, na inahesabiwa kuwa nyumba ya kiunzi cha mbao kongwe kuliko zote zilizobaki Amerika ya Kaskazini.

Uchawi hakuna. Ubao una tabia moja nzuri: ukiugua, unaonyesha. Rangi inabanduka, ncha inaanza kuoza, na mwenye macho anaona. Fundi anaung'oa huo mmoja, anatia mwingine, maisha yanaendelea. Lakini tabia hiyo ina gharama yake. Kila baada ya miaka michache lazima mtu apande ngazi, akwangue, azibe, apake rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nyumba ya mbao methali hii si ya mtihani wa darasa la saba, ni ratiba ya kazi.

Na mbao, bwana, zinataka kupakwa. Hapa ndipo babu yetu anapoingia.

Jirani na Boston uko mji wa Salem, mji wa nyumba za mbao, na katika karne ya 19 ulikuwa mji wa mabaharia waliokuja Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 mtu wa Salem, Richard Waters, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Walituletea kitambaa cha pamba, ndiyo maana Kiswahili kina neno merikani. Wakachukua pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti uliokaa ardhini dahari na dahari mpaka ukawa kama jiwe. Watu wa Mrima waliuchimba kwa majembe, ukapita mikononi mwa wachuuzi mpaka bandarini, ukavuka bahari. Huko Salem uliondolewa gamba na kusafishwa kiwandani, kisha ukayeyushwa kuwa vanishi. Vanishi hiyo iling'arisha samani na magari ya farasi ya wenye nacho. Waliojitazama kwenye meza zile hawakumjua mchimbaji, naye mchimbaji hakuiona meza.

Kuta za nje hazikuhitaji vanishi hiyo, zilipakwa rangi ya mafuta yenye madini ya risasi. Rangi hiyo ilishika barabara na kudumu, lakini vumbi lake ni sumu, na anayeumia kuliko wote ni mtoto mdogo, kwa maana inadhuru ubongo unaokua. Marekani haikuipiga marufuku kwenye nyumba za watu mpaka mwaka 1978. Hesabu wewe mwenyewe ni watoto wa vizazi vingapi.

Kwa hiyo sizisifu mbao kama malaika. Miji ya magharibi ilipovimba, hasa Chicago, misonobari ya Michigan na Wisconsin iliangushwa kwa kasi ya kutisha. Magogo yalikwenda viwandani, matawi na mabaki yakaachwa porini yakakauka kama kuni. Tarehe 8 Oktoba 1871, usiku ule ule Chicago ilipoanza kuungua, moto uliuvamia mji wa wapasua mbao wa Peshtigo, Wisconsin, pamoja na vijiji vya jirani. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Chicago walikufa wapatao 300. Sasa muulize mtu yeyote kijiweni habari za moto mkubwa wa Marekani wa mwaka 1871, kama anazijua atakutajia Chicago. Peshtigo nani aikumbuke? Mji unaotumia huandikwa, mji unaotoa husahauliwa. Shikilia neno hili, tutalirudia.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, viwanda vya alumini vilivyokuwa vikilisha utengenezaji wa ndege vilitafuta wateja wapya. Wakapatikana: wenye nyumba waliochoka kupanda ngazi na kopo la rangi. Wauzaji wakapita mlango kwa mlango kunadi mabati ya alumini ya kuvisha kuta. Wengine walikuwa waungwana, wengine wajanja wa mjini hasa, wenye maneno matamu na mikataba yenye mitego. Sifa zao zilivuma hata wakatengenezewa sinema, Tin Men ya Barry Levinson, iliyotoka mwaka 1987 na kuhadithia wauzaji wa Baltimore mwaka 1963. Unacheka, lakini mwisho wa kicheko unabaki na mzee aliyesaini asichokielewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaingia plastiki. PVC yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich, alikwisha kuvumbua namna ya kuilainisha ikafaa kwa matumizi mengi. Kuta za kwanza za vinaili zilikuwa kasheshe: zilipauka juani, zikalegea, zikapasuka kwa baridi. Watengenezaji wakarekebisha, bei ikavutia, na katika miaka ya 1990 vinaili ikazipita mbao kwenye nyumba mpya za Marekani. Ahadi yake ilikuwa tamu: ivishe nyumba mara moja, brashi usiishike tena.

Tusimcheke aliyeikubali. Mstaafu ambaye magoti yamechoka, mama mwenye ajira mbili na watoto watatu, watampata wapi fundi rangi kila baada ya miaka michache, na kwa mshiko gani? Kupenda mbao ni rahisi kwa mwenye kulipa watu. Mara nyingi wanaohubiri uzuri wa vitu vya asili si wao wanaopanda ngazi.

Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba kuukuu zilipoanza kufunikwa ovyo, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia hifadhi za taifa ilitoa chapisho la tahadhari mwaka 1979, likarekebishwa mwaka 1984. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukifunika ubao unaooza, hujautibu, umeufungia gizani. Maji yakipenya nyuma ya plastiki, kiunzi kitaoza huku nje kunametameta, na siku utakayojua utakuwa umechelewa. Ubao ukiugua unasema. Plastiki inatabasamu tu.

Hilo ni la mwenye nyumba. Kubwa zaidi liko mbali na nyumba yake.

PVC ikiwa safi, katika kila kilo 100, kilo 57 hivi ni klorini inayotokana na chumvi. Zilizobaki asili yake ni mafuta ya petroli au gesi asilia. Kabla haijawa plastiki hupitia hatua ya kuwa gesi iitwayo vinaili kloraidi. Huko Louisville, Kentucky, katika kiwanda cha B.F. Goodrich, wafanyakazi waliingia ndani ya matangi kukwangua mabaki ya kazi hiyo. Daktari John Creech akaona jambo lisilo la kawaida: watu wa kiwanda kimoja wanakufa kwa aina moja ya saratani ya ini iliyo adimu sana. Januari 1974 kampuni ikatangaza vifo vya wafanyakazi 3. Wakati huo sheria iliruhusu sehemu 500 za gesi hiyo katika sehemu milioni moja za hewa ya kazini. Baada ya habari kulipuka, kiwango kikashushwa mpaka sehemu 1. Kutoka 500 hadi 1! Jamani, hiyo si kurekebisha namba. Huko ni kukiri kwamba miaka yote ile watu walikuwa wanavuta sumu kwa idhini ya serikali.

Viwanda vya kemikali hizi vilikaa wapi? Nenda Mossville, Louisiana, makazi yaliyoanzishwa na Waamerika Weusi waliotoka utumwani. Viwanda viliwazunguka, vikiwemo vya vinaili, na vipimo vya damu vya mwaka 1998 vikaonyesha wakazi waliopimwa wana dioksini kupita kawaida. Baadaye wengi waliuza viwanja wakahama, na kijiji kikabaki karibu na jina tu. Na usidhani ni mambo ya kale. Tarehe 3 Februari 2023 treni ya mizigo iliacha reli East Palestine, Ohio, ikiwa na mabehewa 5 ya vinaili kloraidi. Siku tatu baadaye mabehewa hayo yakafunguliwa na gesi ikachomwa makusudi, wingu jeusi likatanda juu ya mji. Mwaka 2024 wachunguzi wa ajali wa serikali wakasema haikuwa lazima kuichoma.

Unaliona lile neno nililosema ulishikilie? Peshtigo, Mrima, Louisville, Mossville. Mji unaotumia huandikwa, mji unaotoa husahauliwa.

Mwaka 2002 ilitoka filamu ya Judith Helfand na Daniel Gold, Blue Vinyl. Ilianza na jambo la nyumbani kabisa: wazazi wa Judith, Long Island, walibandua mbao zilizooza na kuivisha nyumba yao vinaili ya buluu. Binti akauliza, kitu hiki kimetoka wapi? Akakifuata mpaka Louisiana, mpaka Italia. Hakuwa mkemia, alikuwa mtu wa hadithi aliyeshika kipande cha ukuta mkononi akauliza swali la mtoto. Mwishowe wazazi walikubali vinaili ile iondolewe, nyumba ikavishwa mbao zilizokwisha kutumika kwingine. Iligharimu zaidi, na filamu haikuficha hilo.

Vijana wenzangu tunaojifunza kuandika, mara nyingi tunalalamika eti hatuna mada. Tunangoja mapenzi yatuvunje moyo ndipo tushike kalamu. Na hapo ulipo, hebu inua macho. Dar es Salaam na Nairobi maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa dari za PVC, nyeupe pee, nyingine zimechapwa michirizi ya mbao vile vile. Ni nyepesi, zinaoshwa kwa kitambaa, mchwa hazigusi. Ikishawekwa juu si ile gesi ya Louisville tena, tuseme ukweli. Lakini kipande kinachobaki fundi anakitupa jalalani, jalala linachomwa jioni, na PVC ikiungua hutoa moshi wa asidi. Anayeuvuta ni mtoto wa jirani anayecheza chandimu pembeni.

Sikwambii ununue nini. Mwenye nyumba na mfuko wake anajua. Nakwambia kabla hujasifu ukuta, uliza nani aliyechimba, nani aliyekwangua tangi, nani atakayevuta moshi. Ukipata majina yao, yaandike. Mchimba sandarusi wa Mrima hatukuwahi kuliandika lake.