Ushnani, Unga wa Kunawia wa Baghdad

Mkono uliokata nyama ya kondoo na kuipaka viungo hautakati kwa maji matupu. Harufu hushikamana na mafuta yaliyoganda kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, nayo mafuta hayachanganyiki na maji. Baghdad ya karne ya 10, mji wa makhalifa wa Bani Abbas, ilikuwa na dawa ya tatizo hilo: ushnani, unga wa kunawia mikono.

Ushnani ulitokana na vimea vinavyoota katika ardhi kavu yenye chumvi. Vimea hivyo vilikaushwa na kusagwa. Vikichomwa, majivu yake huwa na magadi mengi. Magadi yakikutana na mafuta ya chakula, husaidia kuyabandua mkononi, na maji yakayachukua pamoja na harufu. Kwa kazi ya kila siku unga mtupu ulitosha. Wenye uwezo walitaka zaidi, nao walichanganyiwa sandali, waridi kavu, kafuri na karafuu. Karafuu hizo zilisafiri kutoka visiwa vya Maluku, kwani mikarafuu ya Unguja na Pemba ilikuwa bado karne nyingi kupandwa.

Habari hizi zimehifadhiwa na Ibn Sayyar al-Warraq, aliyekusanya mapishi ya makhalifa na wakuu wao katika Kitab al-Tabikh, kitabu chenye sura 132. Kwake upishi haukuishia sahanini. Baada ya mapishi aliweka sura za vijiti vya kuchokolea meno, za kutengeneza ushnani na za adabu ya kunawa. Huo ni mpangilio wa busara, na ni hasara kwamba vitabu vingi vya mapishi vya leo vimeuacha. Kitab al-Wusla, cha Shamu ya karne ya 13, kinaufuata pia: kinafungua kwa manukato na mwishoni kinarudi kwenye vitu vya kunawia mikono na maji yenye harufu nzuri.

Wanazuoni wa dini nao walilijadili jambo hili. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inamwonya anayelala na mafuta ya chakula mkononi: likimpata la kumpata, asimlaumu ila nafsi yake. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anataja katika Ihya Ulum al-Din kwamba ushnani ulihesabiwa miongoni mwa mambo manne yaliyozuka baada ya Mtume, pamoja na meza, chekecheo na kushiba. Hata hivyo aliutetea, kwa kuwa unasaidia usafi, na usafi unatakiwa. Akaeleza hata namna ya kuutumia: unga huwekwa kiganja cha kushoto, vidole vitatu vya kulia vikaoshwa kwanza, kisha midomo na meno vikasuguliwa kwa kidole.

Kadiri sabuni ya mche ilivyoenea, haja ya unga ilipungua. Viwanda vya Nablus na Halab vilipika mafuta ya zeituni pamoja na magadi ya mimea ya namna ileile, hivyo sabuni ilifika mkononi ikiwa tayari.

Katika pwani ya Afrika Mashariki nako, maji yenye harufu nzuri, yale ya waridi, yalijulikana mapema. Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipopokelewa Mogadishu, aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa maji ya waridi ya Dameski. Lakini jikoni mwa pwani adui mkubwa ni shombo la samaki, nalo ni la aina nyingine. Samaki wa baharini anapoanza kuharibika, bakteria hutengeneza trimethilamini, kemikali inayoruka hewani kwa urahisi na ambayo, kama magadi, si asidi. Kwa hiyo kuongeza magadi hakuivunji nguvu. Asidi ya ndimu huigeuza kuwa chumvi isiyoruka, inayoyeyuka majini.

Ndiyo maana ndimu imedumu katika majiko ya pwani hata baada ya sabuni kujaa madukani, na mpangilio nao una maana. Viganja, vidole na kucha husuguliwa kwanza kwa ndimu, vikasuuzwa, ndipo sabuni ikafuata kuondoa mafuta.