Samaki wa Kuchemsha Hana Siri

Asubuhi ya Jumamosi, mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma. Shangazi yangu hamuulizi mchuuzi bei mpaka awe amemfunua samaki shavu. Anaingiza kidole gumba, ananyanyua, anatazama rangi. Ikiwa nyekundu kama damu, mazungumzo yanaanza. Ikiwa imeelekea kahawia, hata apunguziwe nusu ya bei, anasogea meza ya pili.

Nyumbani Nyasho siku hiyo tulikuwa tunawangoja watu kumi na wanane: wakwe kutoka Bunda, binamu kutoka Butiama, na majirani ambao wakisikia harufu hawahitaji mwaliko. Kitoweo kilikuwa sato wa kuchemsha, kwa ugali wa udaga uliochanganywa na mtama.

"Mwanangu," aliniambia tukiwa kwenye bajaji, ndoo ya samaki katikati ya magoti, "ukimkaanga, mafuta yanakusaidia kudanganya. Ukimchemsha, maji yanakusema. Samaki wa kuchemsha hana siri."

Ni maneno ya jikoni, lakini yana historia ndefu. Kwa kuwa samaki wa kuchemsha lazima awe mbichi hasa, karamu yake imekuwa ikipimwa kwa umbali kutoka majini na kwa nguvu ya mwenyeji kumpata samaki mzima. Ukitaka kujua nani alifaidi ziwa hili katika zama gani, uliza mgeni wa Musoma aliandaliwa nini.

Mwendo wa kutwa nzima

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Tanzania ina asilimia 51 ya eneo hilo, Uganda 43 na Kenya 6. Kwa upande wa Mara, wenyeji wa ufukwe ni Wajita, Waruri, Wakwaya na Waluo wa Rorya. Hawa ndio waliokuwa na anasa ya kumtoa samaki majini asubuhi na kumweka mekoni kabla jua halijawa kali.

Chungu cha zamani hakikuwa na sato tunayemjua leo. Kilikuwa na ngege na mbiru, ambao ndio sato wa asili wa ziwa hili, na furu wadogo wenye miiba mingi na supu tamu. Kilikuwa pia na kambare, mbofu, na ningu aliyekuwa akipanda mitoni mvua zinapoanza, akakutana na migono iliyotegwa kwenye mkondo. Samaki alichemshwa kwa maji na chumvi, basi. Mapishi hayo ya maji matupu ndiyo wengi wetu tunayaita chukuchuku.

Ukiondoka ufukweni, mambo yalibadilika. Bunda haiko majini, ila Guta, kwenye Ghuba ya Speke, si mbali nayo. Butiama iko juu vilimani, kwa Wazanaki, watu wa jembe na ng'ombe. Huko samaki alifika akiwa amekauka, kwa jua au kwa moshi. Naye alichemshwa, lakini kwa sababu nyingine: kulainishwa, kurudishiwa maji aliyopokwa njiani.

Umbali huo unaweza kuupima kwa miguu ya mtoto mmoja. Mwaka 1934, Julius Nyerere, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Ni safari ya kilomita kama 40. Sasa ligeuze kapu la samaki wabichi lielekee kule alikotoka yeye, kichwani mwa mtu, chini ya jua la Mara. Likifika, shangazi yangu asingelitazama mara mbili. Kwa karne nyingi mpaka wa samaki wa kuchemsha ulikuwa ni pale mtu anapoweza kufika kabla samaki hajaharibika.

Reli, nyavu na wageni wa majini

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika mahali panapoitwa leo Kisumu. Ghafla samaki wa ziwani akapata soko lililo mbali na ziwa. Mwaka 1905 nyavu za makila za kizungu ziliingizwa katika ghuba ya upande huo wa Kenya. Ziliwanasa ngege kuliko mgono wowote, zikaenea ziwa zima. Kufikia miaka ya 1920 ngege walikuwa wamepungua kiasi cha kuitia hofu serikali ya kikoloni. Mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Mwaka 1947 ikaundwa idara ya pamoja ya kusimamia uvuvi wa ziwa. Kisha nailoni ikaja katika miaka ya 1950, nyavu zikawa nyepesi na za kudumu, na ngege akazidi kuadimika.

Jibu la wakoloni lilikuwa kupandikiza samaki wengine. Huyu sato tunayejivunia leo, tunayemwita wa kwetu, aliletwa ziwani miaka hiyo hiyo ya 1950. Alimsukuma ngege pembeni, akarithi hata jina. Mgeni anayekula sato Musoma akidhani amekula samaki wa mababu, amekula mhamiaji aliyezoea mji.

Mhamiaji wa pili alikuwa mkubwa zaidi. Sangara alitiwa ziwani kwa upande wa Uganda mwaka 1954, akatiwa tena mwaka 1962 na 1963, safari hii na upande wa Kenya pia. Kwa miaka karibu ishirini alionekana kama hayupo. Katika miaka ya 1980 alilipuka. Watafiti waliokuwa Mwanza walishuhudia furu wakitoweka mbele ya macho yao. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na huenda 200 zilipotea.

Samaki asiyeenea sufuriani

Mama wa nyumbani aliyezoea ngege wa kuenea kiganjani alimtazamaje sangara? Samaki huyu anaweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Kichwa chake peke yake kingeweza kuijaza sufuria ya harusi. Tena ana mafuta. Mwanzoni wengi hawakumpenda: supu yake ilionekana nzito, na harufu ngeni. Kumkausha juani kama ngege kulishindikana, kwa kuwa mafuta humfanya avunde. Ilibidi akaangwe au abanikwe, na kuni zikatumika kwa wingi kuliko zamani.

Lakini watu wakajifunza. Wakagundua kuwa kipande cha sangara hakina vijimiiba vya kumhangaisha mtoto au mzee, na kwamba yale mafuta yanayoelea juu ya supu, ukiyakamulia ndimu na kuyatia pilipili, ni starehe. Kwa muda mfupi hapo katikati ya miaka ya 1980, sangara alikuwa wa kila mtu. Samaki mmoja alitosha kulisha ukoo.

Kula samaki wa kuchemsha kwa pamoja si jambo la Waafrika wa ziwa hili pekee. Nchini Marekani, katika rasi ya Door County, jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan, watu huweka sufuria kubwa juu ya moto wa kuni nje ya nyumba, wakatia chumvi, viazi, vitunguu na vipande vya samaki. Mwishoni mpishi hurushia mafuta ya taa motoni, miali ikapanda, maji yakafurika na kuyamwaga nje mafuta ya samaki yanayoelea juu. Nilipomsimulia shangazi, aliacha kumenya kitunguu. "Wanayamwaga mafuta? Hao hawajala sangara."

Mnofu umepanda ndege

Sangara wa kila mtu hakudumu. Viwanda vya minofu vilianza Kenya, na magari yenye barafu yakavuka mpaka kutafuta samaki huku kwetu. Katika miaka ya 1990 viwanda vikajengwa Mwanza na Musoma. Ulaya iligundua mnofu mweupe usio na miiba, na bei ya mwaloni ikapanda kufuata soko la Ulaya. Mvuvi alipata fedha. Mwanamke mwenye sufuria akapoteza samaki.

Kilichobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa ni kichwa, mfupa wa mgongo na mkia. Tukaviita mapanki. Yalikaangwa, yakauzwa mitaani, yakachemshwa. Lugha ikapata neno jipya kwa sababu jiko limepata umaskini mpya. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, iliyopigwa Mwanza, iliyaonyesha mapanki duniani kote, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba inaichafua nchi. Wabishane wanaobishana kuhusu filamu. Kwa watu wa Mara, neno mapanki halikutokana na sinema.

Utegemezi huo ulionekana wazi Ulaya ilipofunga mlango. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukapiga marufuku tena, baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Bei ikaanguka mialoni. Samaki aliyekosa ndege alilazimika kutafuta sufuria ya jirani.

Hapa ndipo kichwa cha samaki kinapoeleza mengi. Katika ukoo wetu kichwa ni cha mgeni. Anawekewa kikimtazama, naye ana wajibu wa kukimaliza, jicho, shavu, mpaka ubongo. Katika miaka ya mapanki, kichwa kilikuwa ndicho pekee ambacho mwenyeji aliweza kununua. Mgeni aliendelea kupewa kichwa kwa heshima ile ile, ila kila aliyeketi alijua kwamba hakikuchaguliwa. Shangazi anakumbuka kumpakulia mkwe wake kichwa bila samaki nyuma yake. "Nilitamani ugali uwe mrefu," anasema, "umfiche."

Barafu na bodaboda

Zama za sangara zilileta pia kitu ambacho hakikukusudiwa kwa ajili yetu. Barafu ya kumpeleka mnofu Ulaya ilizoeleka hadi kwa wachuuzi wadogo. Barabara ya lami ya Mwanza hadi Musoma inapita Bunda mjini na Makutano, njia panda ya kwenda Butiama. Kisha ikaja pikipiki. Leo sato aliyetoka majini alfajiri anaweza kufungwa kwenye sanduku nyuma ya bodaboda, akawa Butiama kabla chai ya asubuhi haijapoa. Ile safari ya kutwa ya mwaka 1934 imekuwa ya saa moja.

Hivyo mpaka wa kuchemsha umehama. Binamu yangu wa Butiama, ambaye bibi yake alijua samaki wa moshi tu, sasa ana maoni makali kuhusu wakati wa kutia ndimu.

Lakini ziwa limechoka. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikateketezwa. Siku hizi sangara anawindwa pia kwa ajili ya bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, kinachosafirishwa Asia kwa bei inayozidi ya mnofu mara nyingi. Ukinunua sangara mkubwa, usishangae tumbo limekwisha kufunguliwa. Na mwaka 2024 serikali ilianza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia sato kwa mkopo katika Kanda ya Ziwa. Huenda mjukuu wa shangazi atachemsha samaki aliyelelewa kwa chakula cha mfuko, kama kuku wa kisasa. Furu nao, tangu sangara apungue, baadhi yao wameanza kurudi.

Usikoroge

Saa saba mchana shangazi aliweka nyanya na vitunguu chini ya sufuria, akapanga sato juu, vichwa kwa mikia, akatia maji yasiyowafunika, chumvi, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na ndimu mwishoni. Mwiko ni marufuku. Alishika masikio ya sufuria kwa khanga, akaitikisa mara mbili, samaki wakazunguka bila kuvunjika. Dakika ishirini hazikufika.

Mtoto alipita na jagi na beseni, tukanawa. Mjomba kutoka Bunda aliuliza, kwa utani wa wakwe, kama samaki wamelala. Shangazi hakumjibu. Alifunua kifuniko mbele yake, mvuke ukampanda usoni, akamngoja avute pumzi. Mjomba akanyamaza, akasogeza sahani.

Kichwa kikubwa kuliko vyote kiliwekwa mbele yake. Nyuma ya kichwa hicho, safari hii, kulikuwa na samaki mzima.